Kiwiko cha Mama Yako

Mwanangu Milembe,

Meza yote imejaa mizigo yenu, kwa hiyo nimekuja kuandikia huku nyuma, juu ya zege la sinki jipya. Bado linanuka saruji. Jua ndiyo linazama, na namsikia mama yako ndani akibishana na zipu ya lile begi lako la bluu. Kesho treni ya Kigoma inawachukua wote wawili. Wewe unakwenda kuanza kazi ya ualimu, na yeye anakwenda, kwa maneno yake mwenyewe, kupumzisha mgongo.

Sitakwambia ule nini, ulale saa ngapi wala mlango uufunge vipi. Hayo mama yako ameyasema tangu juzi, na akisahau moja atalimalizia hukohuko. Mimi nataka kukujibu lile swali lako la dukani. Uliniuliza mbele ya muuza vifaa vya ujenzi, nikakujibu kwa mzaha, ukaniambia, "Baba, usinichekeshe. Nijibu." Muuzaji alijifanya anahesabu misumari. Sijawahi kukuona umekasirika vile, na wala mimi sikukasirika kwa wewe kunijibu hivyo mbele ya watu. Niliogopa tu.

Nikwambie ukweli, barua hii nilipoianza kichwani ilikuwa barua ya kuomba. Nilitaka uniahidi kwamba mgongo wa mama yako ukipoa utampandisha treni arudi nyumbani. Juzi nilikuwa napita karibu na dirisha la jikoni nikakusikia ukimwambia, "Mama, huna haraka ya kurudi." Nikasimama nisikie atajibu nini. Sufuria ilisikika, kuku walisikika, yeye kimya. Tangu hapo sijui kama mke wangu anasafiri au anahama, na hofu yangu yote iko hapo.

Tulipohamia hapa Chemchem ulikuwa bado wa kubebwa. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na uani mchanga mtupu. Kazi yangu unaijua, kununua asali na nta kwa warina asali kule Sikonge, nikae porini, nirudi na madumu. Na nguo nilizorudi nazo unazikumbuka. Asali inatoka kwa maji, haina shida. Nta ndiyo kisirani. Nta inataka maji ya moto, na ikishayeyuka kwenye suruali inahamia kwenye shati, halafu inamgandia mfuaji vidoleni. Ongeza moshi wa kufukuzia nyuki na vumbi la barabara ile. Mama yako alikuwa anainama juu ya beseni asubuhi nzima kwa ajili ya nguo za mtu mmoja, na mtu huyo yuko kibarazani anakunywa kahawa.

Siku moja nimekaa hapo kibarazani na jirani yetu wa wakati ule, Mzee Rajabu. Mama yako akaja, wewe uko mgongoni, anajipangusa mikono kwenye kanga. Akasema, "Baba Milembe, naomba unijengee karo. La kusimama. Nimechoka kuinama."

Mimi nikamtazama Rajabu kwanza, kisha nikamjibu mke wangu. "Wewe Mnyamwezi gani? Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Wewe beseni la nguo linakushinda?"

Rajabu alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama yako naye alicheka, ujue. Alikuwa na kicheko kizuri sana enzi zile. Halafu akasema, "Hao babu zetu hawakuwa wajinga. Nyumbani kwetu tulisimuliwa kwamba mpagazi akipumzika hatui mzigo chini. Anauegemeza kwenye panda ya mti, usawa wa bega, akiondoka anaingia tu chini yake anakwenda. Mzigo ukiutua chini umeubeba mara mbili."

"Umejibiwa!" Rajabu akapiga kofi goti lake.

Na mimi nilifurahi kujibiwa. Nilijisifu kwamba nimeoa mwanamke mwenye maneno. Nilipokwenda Sikonge safari iliyofuata niliwasimulia warina asali, nikaliigiza jibu lake na sauti yake, wakacheka, nikasimulia tena. Jibu lile nimelisimulia miaka na miaka, Milembe, na sikuwahi kulisikia. Mwanamke ananiambia kazi yenyewe hajaikataa, anataka tu isiwe chini, na mimi nasikia utani. Utani nikaubeba kila mahali. Ombi nikaliacha palepale kibarazani.

Unajua watu wanasema mimi ni mcheshi. Hata kanisani nikisimama kutoa tangazo watu wanaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Ni kipaji, sikatai, kimeniuzia asali nyingi. Lakini nimekitumia vibaya ndani ya nyumba yangu. Mtu akikuomba kitu ukamkaripia, atalia, atanuna, kesho atakuomba tena. Ukimchekesha amekwisha. Ataombaje tena wakati naye amecheka? Kwa hiyo, katika mambo yote ya wachumba ambayo mama yako atakuhubiria huko Kigoma, mimi nina langu moja tu. Mwanamume anayekuchekesha kila unapomwomba kitu, muogope kuliko anayekukatalia. Nasema hivi kwa sababu namfahamu, nimeishi naye.

Sasa nije kwenye karo lenyewe, lile unalolijua. Hadithi hii umekua nayo, nadhani hata shuleni uliisimulia. Lakini umeisikia kwangu, na mimi niliisimulia kwa namna ya kunipendeza.

Ulikuwa umeanza shule, sare yako ina blauzi nyeupe, na blauzi nyeupe na nguo za nta haziwezi kukaa beseni moja. Nikiwa Sikonge, nikaona kwenye nyumba ya mteja wangu mmoja sinki la zege nje, mama wa pale anafua amesimama wima anaimba. Dhamira ikanipiga. Ningeweza kusubiri nirudi nyumbani nikae na mama yako, nimwambie lile karo lako la siku zile, unalitaka vipi? Sikufanya hivyo. Nilitaka kumshtukiza. Nikapanda kichuguu pale penye mtandao nikampigia fundi simu. Fundi huyo alikuwa mgeni hapa mjini, ametokea Dar, nimeshamsahau hata jina. Nikamwambia, "Mtengenezee mama karo pale nyuma ya nyumba."

"La ukubwa gani, mzee?"

"Kubwa. La kutosha familia."

Kwa mama yako, na kwangu, karo ni pale pa kusimama na kufulia. Kwa fundi wa Dar karo ni shimo la maji machafu. Nilirudi nikakuta uani kuna shimo ambalo mtu angeweza kuzikwa na baiskeli yake. Fundi amesimama kando, amejishika kiuno, anasubiri sifa. "Mzee, hili mpaka mwanao aolewe halijajaa." Na mama yako yupo ukingoni na beseni lake la nguo mkononi. Alilitazama shimo, akanitazama mimi, akanishukuru, "Wabeja, Baba Milembe. Karo langu limefika."

Hapo ndipo ninaposimama siku zote ninapoisimulia, na watu wanavunjika mbavu. Harusi ngapi nimeisimulia? Lakini sehemu iliyobaki siisimulii. Fundi aliniambia atarekebisha, ajenge sinki la kusimama palepale. Nikamwambia aache kwanza, msimu wa asali umefika, pesa inataka madumu. Aweke mfuniko wa zege tu watoto wa jirani wasitumbukie. Akaweka mfuniko. Na mfuniko ule, kwa kuwa ulikuwa laini na maji hayatuami, mama yako akaugeuza mahali pa kufulia. Kwa hiyo baada ya kuomba karo la kusimama alipata karo la kuinama zaidi kuliko beseni, na akalitumia mpaka mwaka jana. Misimu ya asali imepita mingi hapo katikati. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli.

Mwanzoni alikuwa anacheka nikiisimulia. Baadaye nilipoanza tu, "Siku moja nilimpigia fundi simu," yeye aliinuka kwenda kuangalia chai. Nilidhani ni ukarimu kwa wageni.

Unaijua asubuhi ya masika yaliyopita kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyemkuta. Ulikuwa umemaliza chuo, uko nyumbani unasubiri ajira. Mama yako ameketi juu ya ule mfuniko, mvua ya rasharasha inamnyea, shati langu la kaki liko mapajani limejaa povu, na hawezi kuinuka. Hakuita mtu. Ukamuuliza kwa nini hakuita, akasema alikuwa anasubiri maumivu yapite. Nami wakati huohuo nilikuwa sebuleni napaza sauti kuuliza shati la kaki liko wapi. Hilo silisahau. Sauti yangu ilimfika pale alipokaa, na yake haikunifika, kwa sababu hakuitoa.

Hospitali wakasema asiiname, asibebe ndoo. Wewe ukaanza kufua, ukafua wiki nzima bila kuniambia neno, halafu siku moja ukaingia na chaki. Ukaniambia, "Baba, ile stoo ya madumu nataka iwe chumba cha kufulia. Kabla sijaondoka." Ukaanza kuchora sakafuni. Hapa sinki, hapa dirisha tulipanue ili madoa yaonekane, hapa juu kamba za kuanikia siku za mvua, hapa tuache nafasi ya mashine. Nikakwambia mashine ya nini na umeme wenyewe huu wa kukatika? Ukasema, "Nafasi haili umeme." Ukaendelea kuchora.

Nikukumbushe tulivyogombana kuhusu sinki, maana nataka ujue nilikuwa nawaza nini. Mimi nilipenda lile la bati linalong'aa, lenye beseni mbili ndogo, la jikoni. Nilifikiria wageni. Nilifikiria siku ya kufungua chumba nimsimamishe mtu mlangoni aone kitu kinameremeta. Wewe ukaingiza mkono ndani yake, ukasema, "Baba, blanketi litakaa wapi? Na hiki kitundu, nta ikiganda humu tutazibua mpaka lini?" Ukaniambia tujenge la zege, tulisugue kwa terazo liwe laini, upande mmoja lizame kwa ajili ya kuloweka, upande mwingine liwe na mteremko wenye mbavu wa kusugulia, na koki iwe juu kiasi cha ndoo kusimama chini yake. Tundu la maji liwe pana, na chekeche la waya la kukamata nta. Yote nikayakubali, kwa shingo upande, huku bado nalitupia jicho lile la bati.

Ndipo muuzaji akatuuliza bomba la ukutani litoke kwa urefu gani. Ukanigeukia. "Baba, mama akisimama wima, kiwiko chake kinafika wapi?"

Nikasema, "Viwiko vya bomba, elbo, vipo hapa dukani, vya nusu inchi na vya inchi nzima, chagua." Nikamkonyeza muuzaji.

Nawe ukasema lile neno lako.

Jibu ni kwamba sikujua. Hilo ndilo jibu nililoshindwa kukupa mbele ya yule bwana. Dumu la asali likiwa limepungua kikombe kimoja nalijua kwa kulinyanyua tu. Mti wenye mzinga nautambua nikiwa mbali na sijauona mzinga. Mke niliyelala naye kitanda kimoja umri wako wote na zaidi, sikujua mkono wake unakunjikia wapi. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu bado hujaniletea, lakini majuto yametangulia.

Sasa nikuchekeshe kidogo, maana hili hukuliona. Tulipotoka dukani niliamua nitapata kipimo hicho bila kumuuliza. Usiniulize kwa nini. Nilianza kumvizia. Akisimama mlangoni namkadiria na fremu. Akikaanga vitunguu nasimama nyuma yake na kijiti cha kuni, nakipandisha, nakishusha. Siku ya pili akageuka ghafla na mwiko mkononi. "Baba Milembe, unanipima jeneza?"

Mzaha wangu, Milembe, niliuacha. Nikakitazama kile kijiti. Halafu nikamwambia, polepole kama mtoto anayesoma ubao, "Nataka kujua kiwiko chako kinafika wapi. Kwa ajili ya sinki. Ungependa liwe kimo gani?"

Aliweka mwiko chini. Akaenda kusimama ukutani, mgongo umegusa ukuta, akakunja mikono kama anayefua. Nikaleta penseli. Ilibidi niushike mkono wake usitikisike, na ngozi ya kiwiko ilikuwa ngumu, imekauka, kama ya goti la mtu anayepiga deki. Nikachora mstari. Akasema, "Ushushe kidogo. Mtu akisugua anainamia kidogo." Nikashusha. Ulikuwa umekwenda kumsalimia shangazi yako, na uliporudi ukakuta mstari umeshachorwa ukanisifu. Nilipokea sifa bila kusema nilivyoupata.

Fundi tuliyemleta safari hii nilimsimamia mimi mwenyewe, na nilimwambia neno moja moja, sikumwambia karo. Sakafu imeteremkia kwenye tundu kama ulivyotaka. Na maji ya sinki yanaingia kwenye lile shimo la yule fundi wa Dar, ambalo mpaka leo mchana lilikuwa halijaona tone. Alisema mpaka mwanangu aolewe halijajaa. Hakukosea sana.

Mchana huu ulipotoka kwenda kuaga rafiki zako, nilifungua koki kwa mara ya kwanza, nikamwita mama yako. Nilikuwa nimeandaa maneno, nilitaka hata kupiga vigelegele. Alipoingia nikayameza. Akajifunga kanga kiunoni vizuri, akachukua kitambaa cha meza ya sebuleni, akakiloweka, akakipaka sabuni ya mche, akaanza kusugua kwenye mbavu zile. Mgongo umenyooka. Mikono imekunjika pale hasa tulipochora. Nilisimama mlangoni namtazama nikaona jinsi ambavyo angekuwa amefua miaka yote hii, na nililia, mwanangu. Sioni haya kukwambia. Hakugeuka. Alisuuza, akakamua, akasema, "Kimo ni changu."

Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unaweza kuuliza."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kushika. Alisema kama mtu anayegundua kwamba kulikuwa na njia fupi ya kwenda kisimani na ameshazeeka. Wewe nilikufundisha tangu mdogo kuuliza si ujinga. Walimu wako walilalamika kwamba mtoto huyu anauliza sana, nami nikajidai. Nyumbani nilikokufundishia, mimi sikuuliza.

Basi nikauliza palepale, kabla sijaogopa. "Mama Milembe, utarudi?"

Alikianika kitambaa kwanza, akavuta pembe zake zikalingana. "Hapa usiniulize," akasema.

"Kwa nini?"

"Hapa nimezoea kukubali. Ukiniuliza hapa nitasema ndiyo kabla sijajua nataka nini. Njoo uniulize Kigoma. Nikiwa nimekaa kwenye kiti, sina kitu mkononi."

Akaenda kufungasha. Sinki lilikuwa bado linadondosha maji.

Kwa hiyo ile barua ya kuomba nimeiacha. Usiniahidi kitu. Usimshawishi arudi kwa ajili yangu, na usimshawishi abaki kwa ajili ya miaka ile, ingawa najua una haki ya kutaka hivyo. Nimetuma watu maisha yangu yote kumfikishia mke wangu mambo ambayo ningeweza kumwambia kwa mdomo wangu. Nikikutuma wewe sasa nitakuwa nimempigia fundi simu tena.

Na nimegundua kitu kingine hapa ninapoandika. Wewe mwenyewe sikukuuliza. Unaanza kazi, unaanza maisha, chumba kimoja huko ugenini, na wote tumekubaliana mama anakwenda na Milembe kana kwamba Milembe ni begi la kutilia vitu. Unataka? Unaogopa? Ulikuwa na mipango mingine? Kesho asubuhi nitakuuliza, na tafadhali usinijibu "niko sawa, baba" kwa sauti ile ya mama yako. Naijua sasa sauti ile.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Nguo zangu nitafua mwenyewe. Nimeshajaribu shati moja alasiri hii, na sinki la mama yako kwangu ni fupi, naumia kiuno. Fundi amesema akiongeza tofali moja linapanda. Nimemkatalia.

Nitakuja Kigoma. Nilikuwa naandika hapa kwamba nitakuja msimu wa asali ukiisha, nimefuta. Nitakuja kabla. Nikifika, mpe mama yako kiti, chukua chochote alichoshika mkononi, halafu utuache. Nitamuuliza mara moja, na nitanyamaza. Akisema ndiyo, tutarudi wote. Akisema hapana, nitakula chakula chenu, nitamshukuru, nitapanda treni peke yangu. Ukinisindikiza stesheni usinihurumie, mwanangu. Nitakuwa nimemuuliza na amenijibu, na safari hii nitakuwa nimesikia.

Baba yako